Jibu: Nina Puerto Rico, ninunue na San Juan?

Mkuu, umeuliza kama San Juan, mchezo wa karata, ina maana kwa mtu mwenye Puerto Rico, ule mchezo wa ubaoni, tayari. Kwangu ina maana sana. Zote zilibuniwa na Andreas Seyfarth: ile kubwa ilitoka 2002, hii ya karata 2004. Kwenye San Juan meli na mashamba ya kupanga ubaoni hamna. Kilichobaki ni ule utamu wa kuchagua kazi: ukichukua kazi ya Mjenzi wote wanajenga, ila wewe unapunguziwa karata moja ya malipo.

Raha yenyewe iko mkononi. Karata hiyohiyo ni jengo, ni bidhaa, tena ndiyo pesa. Jengo la gharama 6 unalilipia kwa kutupa karata nyingine 6, na kati ya hizo lazima kuna moja uliyokuwa unaipenda. Hapo ndipo watu huguna mezani!

Bahati imeongezeka, sikatai. Ukiona mkono mbovu chukua kazi ya Diwani, unachungulia karata 5 unabaki na 1. Na usizubae, mtu akifikisha majengo 12 mchezo umekwisha. Mnaweza kucheza hata wawili, wakati Puerto Rico ya awali ilidai watatu.