Maswali yenu: moyo, damu na presha

Maswali ya damu yamekuwa mengi, leo nayajibu haya manne.

Mishipa ya mkononi naiona ya bluu, mbona nikijikata inatoka damu nyekundu?

Binadamu hana damu ya bluu jamani. Ikitoka kwenye mapafu na oksijeni inakuwa nyekundu ya kung'aa, ikirudi imeshaiacha huko mwilini inakuwa nyekundu iliyokolea. Huo ubluu ni namna mwanga unavyopita kwenye ngozi, basi.

Nimepimwa presha 150 kwa 95 ila siumwi popote, dawa za nini?

Kaka, hapa nisikilize vizuri. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, pale moyo unapojikamua, ya chini ni pale unapolegea ili ujae tena. Ukiwa umetulia moyo unasukuma kama lita 5 kila dakika, yaani karibu damu yako yote, sasa kuta zikisukumwa kupita kiasi usiku na mchana miaka nenda rudi zinakuwa ngumu, nyingine zinaziba, nyingine zinapasuka, na muda wote huo husikii maumivu yoyote, ndo maana mtu anapata kiharusi na jana yake alikuwa kazini mzima kabisa. Kipimo kimoja hakitoshi lakini. Kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, usipige stori, halafu upimwe tena siku nyingine. Ikiendelea kusoma 140 kwa 90 au zaidi hiyo ni presha, na dawa ukishaandikiwa usiache eti kwa vile imeshuka, imeshuka kwa sababu unameza!

Nikitoka Mwanza kwenda Dar na basi miguu inavimba mpaka viatu vinabana.

Damu kushuka miguuni ni rahisi, kazi ipo kwenye kupanda. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vimilango vinavyoruhusu damu iende juu tu, na misuli ya vigimbi ndo inayoikamua kila unapotembea, sasa ukikaa kwenye siti kutwa nzima damu inatuama na maji yanavujia kwenye nyama. Basi likisimama shuka utembee, ukiwa umekaa pandisha visigino na kushusha. Ila mguu mmoja tu ukivimba, unauma na una joto, nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda damu imeganda ndani na bonge likichomoka linaenda kuziba mapafu.

Nikichangia damu si nitaishiwa?

Hapana dada. Wanachukua kama mililita 450 tu. Maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu ndo zinataka wiki kadhaa kutengenezwa kwenye uboho ndani ya mifupa, ndo maana Tanzania mwanaume anasubiri miezi 3 na mwanamke miezi 4. Kunywa maji, kula maharage, dagaa na mboga za majani, chai usinywe na chakula maana inazuia madini ya chuma. Nenda kachangie, wodi ya wazazi kuna mama anavuja damu sasa hivi anaisubiri.