Maswali ya Wasomaji: Je, ghasia za 1967 ndizo zilizoiangusha Detroit?

SWALI: Ninafundisha historia kidato cha tano na sita. Tunasoma kwamba Detroit, jiji la magari la Marekani, liliuawa na ghasia za Julai 1967. Mwanafunzi wangu mmoja hakuridhika, akasema moto wa siku tano hauwezi kuua jiji kubwa namna ile. Nimjibu nini? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako yuko sahihi zaidi kuliko kitabu, ila asivuke mpaka akadhani ghasia hazikuwa na madhara.

Alfajiri ya Jumapili, 23 Julai 1967, polisi walivamia kilabu cha pombe kisicho na leseni kwenye makutano ya barabara za 12th na Clairmount. Walitegemea kukuta watu wachache. Walikuta zaidi ya 80, wakisherehekea wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam, wakaamua kuwakamata wote. Kuwasomba watu wote hao kulichukua muda, umati ukajaa barabarani, mawe na chupa zikaanza kuruka. Hadi utulivu uliporudi, watu 43 walikuwa wamekufa, 33 kati yao weusi, zaidi ya 7,200 wamekamatwa, na majengo yapatayo 2,000 yameteketea au kuharibiwa. Rais Lyndon Johnson alilazimika kupeleka askari wa miavuli.

Sasa mwambie afungue takwimu za sensa. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu 1,849,568. Mwaka 1960 walikuwa 1,670,144. Pengo hilo la karibu watu 180,000 lilitokea kabla hata kiberiti hakijawashwa. Kati ya 1947 na 1963 jiji lilipoteza ajira 134,000 za viwandani, kwa kuwa makampuni yalifuata ardhi pana na ya bei nafuu nje ya mji huku mashine zikichukua kazi za mikono. Papo hapo serikali ilikuwa imepitisha barabara kuu ya Chrysler katikati ya makazi ya weusi ya Black Bottom, ikaufyeka mtaa wa Hastings uliokuwa na maduka na kumbi zao za muziki. Wengi waliobomolewa walihamia maeneo ya barabara ya 12th, nyumba za familia moja zikakatwakatwa vyumba vya kupangisha. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Baada ya hapo kasi ilibadilika. Sensa ya 1980 ilikuta watu 1,203,339, yaani zaidi ya 300,000 wamepungua ndani ya miaka kumi tu. Wachumi William Collins na Robert Margo walilinganisha miji iliyopata ghasia kali miaka ya 1960 na ile iliyonusurika. Waliona kwamba thamani ya nyumba za weusi katika miji iliyoungua ilirudi nyuma kwa takriban asilimia 10 kufikia 1970, na katika muongo uliofuata haikuonekana kupona. Kwa familia ambayo nyumba ndiyo akiba yake yote, hilo ni pigo la kizazi kizima.

Usiache kuwafundisha na kesi ya Milliken dhidi ya Bradley. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba vitongoji vya nje havilazimiki kushiriki katika mpango wa kuchanganya wanafunzi weusi na weupe wa Detroit. Mzazi mweupe aliyekuwa bado anasitasita alielewa mara moja: ukivuka barabara ya 8 Mile, mpaka wa kaskazini wa jiji, mpango huo haukuhusu tena. Kwa maoni yetu hukumu hiyo iliondoa watu wengi kuliko watu wanavyokumbuka, na vitabu vya shule huiruka kwa sababu haina picha za moshi.

SWALI: Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Kama maduka ya Detroit yalikuwa na bima, wenyewe walilipwa. Mbona hawakujenga upya palepale? (Mfanyabiashara, Mombasa)

JIBU: Wewe wa biashara utaielewa hesabu hii haraka. Marekani, kinga dhidi ya ghasia ilikuwa kwa kawaida imeambatanishwa na bima ya moto, tofauti na Kenya ambako mara nyingi huipati mpaka uiombe kama kinga ya ziada. Kwa hiyo ni kweli, wengi walilipwa. Shida ilikuwa kiasi kilicholipwa, na yaliyofuata malipo.

Bima ya kawaida hulipa thamani ya jengo baada ya kutoa uchakavu. Chukua mfano: jengo la miaka 40, kulijenga upya ni dola 60,000, lakini kwa uchakavu thamani yake ni dola 25,000. Unalipwa 25,000. Pengo la 35,000 unalitafuta benki. Benki inasema sawa, lete bima ya jengo jipya. Unarudi kwa kampuni ya bima, na hapo ndipo kamba inapokatika. Mkataba wa bima ni wa muda maalumu, na kampuni haivunji sheria ikikataa kuuhuisha. Baada ya 1967 kampuni nyingi ziliacha kuandika bima katika mitaa hiyo, au zikapandisha malipo hata yasilipike, kwa sababu kampuni zinazouza bima mtawanyo, ile bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hukata, nazo zilianza kujitoa. Bila bima hakuna mkopo. Bila mkopo hakuna jengo, na msambazaji wa jumla hakupi mali kwa mkopo ukiwa huna bima ya bidhaa.

Kuna jambo jingine. Fidia ya namna hiyo haimfungi mtu kurudi kwenye kiwanja kilekile. Wengi wa wenye maduka barabara ya 12th walikuwa weupe wasioishi pale, hivyo waliokuwa na uwezo walichukua hundi wakafungua vitongojini. Aliyebaki ni mpangaji wa ghorofa ya juu, ambaye sasa hana duka la chakula wala la dawa karibu.

Serikali iliona tatizo. Sheria ya Agosti 1968 ilianzisha bima mtawanyo ya serikali kuu kwa hasara za ghasia, ikatolewa tu kwa kampuni zilizo katika majimbo yenye mpango wa pamoja ulioitwa FAIR. Chini ya mpango huo, mwombaji hakataliwi kwa sababu ya mtaa wake. Jengo lenyewe lazima likaguliwe, na akikataliwa aambiwe kasoro ipo wapi. Ulisaidia wenye nyumba. Wenye maduka waliokwisha kuondoka haukuwarudisha. Barabara ya 12th baadaye ilipanuliwa, na mwaka 1976 ikapewa jina la Rosa Parks, mwanaharakati wa haki za weusi aliyekuwa akiishi Detroit, lakini maduka yaliyoipanga pande zote mbili hayakurudi kama zamani.

SWALI: Nimesoma kwamba hasara ya moto ilifika dola milioni 500. Ni kweli? (Kisumu)

JIBU: Hapana. Hicho ni kiwango cha juu cha makadirio ya siku zile, moshi ukiwa bado unafuka. Hesabu zilizofanywa baadaye, ambazo Tume ya Kerner, iliyoundwa na Rais Johnson kuchunguza ghasia hizo, ilizitaja katika ripoti yake ya 1968, zilishuka hadi kati ya dola milioni 40 na 45. Namba kubwa ilikwisha kusambaa, na bado inanukuliwa.

SWALI: Sisi ni familia kutoka Kongo, tunaishi Grand Rapids. Tunaona Detroit nyumba za mnada zinaanzia dola 1,000. Ni mtego? (Baba wa watoto wanne, Michigan)

JIBU: Baba, si mtego, lakini dola 1,000 si bei ya nyumba. Ni bei ya kupewa nafasi ya kuitengeneza.

Kwanza ujue zimetokea wapi. Baada ya ghasia, serikali kuu ilifungua dhamana za mikopo ya nyumba katika mitaa iliyokuwa imenyimwa kwa miaka mingi. Nia ilikuwa njema. Madalali wakanunua nyumba mbovu, wakazipiga rangi, wakawahonga baadhi ya wakadiriaji wa thamani, wakaziuza ghali kwa familia maskini. Boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, ikifa majira ya baridi, familia inashindwa kulipa na kuondoka. Mkopeshaji hakuumia, kwa sababu serikali ilimlipa deni. Hivyo serikali ikajikuta na maelfu ya nyumba tupu. Msukosuko wa mikopo wa 2008 na watu kunyang'anywa nyumba kwa madeni ya kodi kukaongeza nyingine.

Leo nyingi zimo mikononi mwa Detroit Land Bank Authority, taasisi ya umma iliyoundwa 2008. Ukishinda mnada wao, kwa kawaida una miezi sita ya kuitengeneza na kuhakikisha inakaliwa, la sivyo wanaweza kuirudisha. Mwenye deni la kodi ya majengo kaunti ya Wayne haruhusiwi kununua. Hati wanayotoa inakuachia haki waliyo nayo wao, bila kudhamini kwamba hakuna mwingine mwenye madai. Kwa hiyo lipia uchunguzi wa hati, na uulize kama kampuni ya bima ya hati miliki itakubali kukukatia. Isipokubali, benki nayo haitakukopesha.

Ukienda kuikagua, anzia chini. Shuka chumba cha chini ya ardhi na tochi: mabomba ya shaba mara nyingi yameng'olewa na wauza vyuma chakavu, na ukuta uliotumbukia ndani unamaanisha udongo wa nje umejaa maji na kuusukuma. Kisha paa. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 ichukulie kuwa ina rangi yenye madini ya risasi mpaka ipimwe. Kwa watoto wanne hilo si la kuahirisha. Ukinunua kiwanja kitupu, uliza shimo la nyumba iliyobomolewa lilijazwa nini. Likijazwa kifusi, msingi mpya utatitia upande mmoja.

Mwisho ni kodi. Bili ya mwenye nyumba wa zamani usiitegemee: Michigan, mwaka unaofuata mauzo, thamani inayotozwa kodi hupandishwa hadi makadirio ya jiji, yanayotakiwa kuwa nusu ya thamani ya soko. Mkihamia, jazeni mara moja fomu ya msamaha wa makazi ya kudumu. Huwaondolea hadi dola 18 kwa kila dola 1,000 ya thamani inayotozwa kodi. Na makadirio yakizidi nusu ya bei halisi ya soko, kateni rufaa jijini mapema mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu dirisha la rufaa halikai wazi muda mrefu.