Spika kimya kwenye Linux: nipime sauti vipi kwa amri?

Swali: Spika za kompyuta mpakato yangu ya Linux zimenyamaza kabisa. Video inacheza kwenye kivinjari, sauti nimeipandisha hadi juu, lakini sisikii kitu. Nilichomeka hedifoni kwenye tundu lake nikacheza faili la MP3 kwa amri ya aplay, ukatoka mkwaruzo mkali wa kuumiza masikio. Je, kadi ya sauti imeungua? Nipimeje kwa terminali tu?

Jibu: Kadi haijaungua, na ushahidi ni mkwaruzo huohuo. Aplay haijui kufungua MP3. Faili isilolitambua hulichukua kama data ghafi ya biti 8, mono, sampuli 8,000 kwa sekunde, kisha hulisukuma hivyohivyo hadi kwenye kadi. Ukitazama terminali utakuta imeyaandika hayo yote. Kwa hiyo njia ya kwenda kwenye hedifoni ni nzima. Tutafute kinachoziba ya spika.

Chomoa hedifoni kwanza, maana kadi nyingi huzima spika zenyewe tundu likiwa na kitu. Kisha andika `aplay -l` uone kadi zilizopo. Soma orodha hiyo kwa makini: mara nyingi HDMI, yaani njia ya kwenda kwenye skrini ya nje, huwa kadi 0 na spika huwa kadi 1, na programu inaweza kuwa inapeleka sauti kwenye skrini isiyo na spika. Tuseme zako ni kadi 1, kifaa 0. Punguza sauti, halafu:

`speaker-test -D plughw:1,0 -c 2 -t wav -l 1`

Utasikia mtu akitaja upande wa kushoto, kisha wa kulia. Napenda jaribio hili kuliko mengine yote kwa sababu linairuka seva ya sauti (programu inayopokea sauti za programu nyingine na kuzipeleka kwenye kadi) na kuzungumza na ALSA moja kwa moja, yaani ile sehemu ya kerneli, kiini cha Linux, inayoendesha kadi. Tumia `plughw`, si `hw`. Ya pili haibadilishi chochote, hivyo kadi isipokubali aina ya sampuli unayoipelekea, jaribio litakataa na utadhani spika ni mbovu.

Ukijibiwa "Device or resource busy", kuna programu imeishika kadi. `fuser -v /dev/snd/*` itakutajia ni ipi. Kama ni seva ya sauti, simamisha video, subiri sekunde chache iiachie kadi, urudie.

Jaribio likienda bila kosa lakini husikii kitu, fungua `alsamixer -c 1`. Safu ya Master au Speaker yenye MM chini yake imenyamazishwa. Bonyeza M iwe OO, upandishe kwa mshale.

Spika zikisema hapo, tatizo liko juu zaidi, kwenye seva. Siku hizi huwa ni PipeWire: Fedora iliifanya chaguo la msingi mwaka 2021 katika toleo la 34, na Ubuntu ikafuata katika 22.10. Kwa kuwa inaelewa lugha ya PulseAudio, seva iliyoitangulia, amri za zamani bado zinafaa. `pactl list short sinks` huonyesha njia za kutolea sauti, na `pactl set-default-sink` ikifuatiwa na jina la njia huchagua ya msingi. Jaribu tena:

`paplay /usr/share/sounds/alsa/Front_Center.wav`

Tafadhali usitangulize `sudo` kwenye amri za seva. Seva hii ni ya mtumiaji aliyeingia, na root, mtumiaji mkuu ambaye sudo hukugeuza kuwa, kwa kawaida hataifikia. Utapata kosa ambalo halikuwepo.

Ikiwa paplay inasikika na kivinjari bado kiko kimya, acha video icheze na uandike `pactl list sink-inputs`. Tafuta kivinjari chako humo: mstari wa Mute ukisema "yes", kimenyamazishwa chenyewe; namba ya Sink (njia ya kutolea sauti) ikiwa ya HDMI, kihamishe kwa `pactl move-sink-input`, ukitaja namba yake na jina la njia ya spika.