Maswali kwa Fundi: Hewa Inaposingiziwa

Barua tatu za safari hii zinahusu vifaa vinavyozungumza kwa mlango wa siriali, yaani unaopitisha data biti moja baada ya nyingine, bila waya kati yao. Lawama zinaenda kwa mawimbi, kwa paa au kwa moduli yenyewe, lakini nilipozisoma kwa makini sikuona hata moja ambamo mawimbi ndiyo yenye kosa.

Swali (Lushoto): Ndugu Fundi, nina tangi la maji juu ya kilima na pampu bondeni, umbali wa mita 400 hivi, na sehemu hizo mbili zinaonana kwa macho. Kwenye tangi nimefunga Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu), kihisi cha kupimia kina cha maji na moduli ya redio ya HC-12. Bondeni kuna Uno nyingine na HC-12 yake, inayowasha pampu kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Mezani nyumbani mtambo ulifanya kazi kutwa nzima ukitumia umeme wa kompyuta. Nilipoupeleka kilimani na kuuunganisha na pawabenki, vipimo vilifika kwa nusu dakika tu, kisha kimya, mpaka nilipopanda tena na kubonyeza kitufe cha pawabenki. Nimenunua antena ndefu, nimehamia chaneli ya 40, na hakuna nafuu. Zaidi ya hayo, tangu nilipoanza kubadilisha mipangilio, hata nyumbani sasa napokea alama za kuuliza na vijisanduku badala ya namba. Je, ninunue moduli zenye nguvu zaidi?

Jibu: Usinunue chochote kwa sasa. Una hitilafu mbili zisizohusiana, nawe umekuwa ukizitibu kama ugonjwa mmoja. Ya pili, nasikitika kusema, umeisababisha mwenyewe ulipokuwa ukiitafuta ya kwanza.

Tuanze na ukimya. Kama umbali ungekuwa tatizo, vipimo vingekosekana ovyo: viwili vingefika, kimoja kingepotea, asubuhi hali ingekuwa hivi na jioni vile. Wewe unapata nusu dakika ya mawasiliano safi, kisha yanakatika kabisa, na dawa yake ni kubonyeza kitufe. Hiyo ni tabia ya pawabenki. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji simu, na zinapoona mkondo umepungua sana hudhani simu imejaa, zikajizima zenyewe. Uno pamoja na HC-12 iliyotulia hutumia mkondo mdogo, na ule mshtuko wa kutuma ujumbe ni mfupi mno kuiamsha pawabenki. Mtume kijana mmoja akae kando ya tangi aitazame taa ndogo ya ON iliyo kwenye bodi, nawe ubaki bondeni na simu mkononi. Ikiwa taa itazimika muda uleule vipimo vinapokoma, hutahitaji ushahidi mwingine. Tumia betri ya sola ya volti 12 pamoja na kibadilishi kinachoishusha hadi volti 5.

Ukiwa hapo hapo kwenye umeme, angalia ulikochukua umeme wa moduli. HC-12 inapotuma kwa nguvu yake yote, ambayo ni miliwati 100, huvuta takriban miliampea 100, ilhali pini ya volti 3.3 ya Uno imeandikiwa miliampea 50. Basi iunganishe na volti 5, na weka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu kabisa na miguu ya moduli, kati ya chanya na hasi. Watengenezaji wanashauri pia kuongeza dayodi ya 1N4007 kwenye waya wa chanya iwapo umeme unazidi volti 4.5 na moduli inatuma kwa muda mrefu.

Sasa vijisanduku. Tazama kama neno lile lile linaharibika kwa namna ile ile kila mara. Kelele za hewani huharibu bila mpangilio, lakini tofauti ya kasi ya baudi, yaani kasi ya data kwenye waya, kati ya Arduino na moduli iliyo kando yake hutoa uchafu ule ule, saa baada ya saa. Nina hakika moduli yako mojawapo umeihamishia kasi nyingine, na programu yako bado inazungumza kwa 9600. Ili kuthibitisha, zima umeme wa moduli, unganisha pini ya SET na hasi, kisha washa tena. Ikiwashwa kwa namna hiyo itapokea amri kwa kasi ya 9600, hata kama uliiwekea kasi nyingine. Andika AT, nayo ikujibu OK. Kisha andika AT+RX, upate mistari minne inayoonyesha kasi, chaneli, nguvu ya kutuma na hali ya kazi. Fanya hivyo kwa moduli zote mbili, nakili majibu kwenye karatasi, uyaweke sambamba. Ukikuta vurugu, amri ya AT+DEFAULT huirudisha moduli kama ilivyotoka kiwandani. Usisahau kuondoa waya wa SET baada ya hapo. Mimi niliwahi kuusahau, nikapoteza Jumapili nzima.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu moduli hii. Katika hali yake ya kawaida, inayoitwa FU3, kasi unayoipanga kwenye waya ndiyo inayoamua kasi ya hewani. Ukiweka 4800 au 9600, hewani zinapita biti 15,000 kwa sekunde. Ukiweka 19200 au 38400, zinapita 58,000. Kwa hiyo moduli ya 4800 na ya 9600 zitasikilizana bila shida, mradi kila moja inakubaliana na Arduino yake, lakini ya 9600 na ya 19200 hazitasikilizana kamwe hata ukizibananisha mezani. Kadiri kasi inavyopanda, ndivyo sikio la moduli linavyozidi kuwa zito: kati ya 9600 na 115200 unapoteza desibeli 12, na mahali pa wazi hiyo ni sawa na kubakiwa na robo ya umbali. Kipimo cha maji ni tarakimu tatu tu, kwa hiyo hata 2400 ingekutosha.

Antena ndefu haimaanishi antena bora. Kwa megahezi 433, robo ya wimbi ni sentimita 17.3, na kipande cha waya kilichokatwa kwa urefu huo na kusimamishwa wima nje ya sanduku la chuma kitakufaa kuliko fimbo ya dukani usiyojua imekatwa kwa masafa gani. Rudi pia kutoka chaneli ya 40. Chaneli ya kwanza ni megahezi 433.4 na kila inayofuata inaongeza 0.4, hivyo wewe uko 449, nje ya masafa ya 433.05 hadi 434.79 yaliyotengwa kwa vifaa vya aina hii. Chaneli zinazobaki ndani ni nne za mwanzo tu.

Mwisho, programu ya bondeni iizime pampu yenyewe endapo dakika mbili zitapita bila ujumbe wowote kutoka kilimani. Kwa ilivyo sasa, pawabenki ikijizima wakati pampu inafanya kazi, maji yatamwagika usiku kucha.

Swali (Dar es Salaam): Nina moduli ya Bluetooth ya HC-05 inayounganika na simu yangu ya Android bila taabu, lakini iPhone ya mwenzangu inashindwa kabisa kuitumia. Je, moduli ni mbovu?

Jibu: Ni nzima. HC-05 hutumia Bluetooth ya zamani na njia yake ya siriali, ambayo iPhone haizifungulii programu za kawaida isipokuwa kwa vifaa vilivyoidhinishwa na Apple. Tafuta moduli ya Bluetooth ya nishati ndogo, kama vile HM-10, kisha urekebishe programu ya simu, kwa sababu njia ya kusoma data ni tofauti.

Swali (Mtwara): Shikamoo Fundi. Katika ghala la korosho tuna mizani yenye mlango wa RS-232, aina ya zamani ya mlango wa siriali. Nimeiunganisha na HC-12 kupitia MAX3232 (chipu inayobadilisha volti za RS-232 ziifae moduli), na upande wa ofisi kuna HC-12 nyingine kwenye kompyuta. Uzito unafika, lakini baadhi ya tarakimu hugeuka alama za ajabu: 0, 3, 5, 6 na 9 zinasomeka vizuri, ila 1, 2, 4, 7 na 8 hazisomeki kamwe. Wenzangu wanasema ni mabati ya paa.

Jibu: Marahaba. Kwanza nikupongeze kwa kuweka MAX3232, maana wengi huunganisha RS-232 moja kwa moja na moduli na kuiunguza. Pili, nikushukuru kwa kuziorodhesha tarakimu, kwa kuwa orodha hiyo imemaliza kazi yote. Mabati hayajui kusoma. Hayawezi kuiruhusu 3 na kuizuia 4.

Mizani yako inatuma biti 7 za data na biti moja ya pariti shufwa (biti ya ukaguzi inayoongezwa ili idadi ya 1 igawanyike kwa mbili), wakati kompyuta inasubiri biti 8 bila pariti. Urefu wa ujumbe ni ule ule, ndiyo maana HC-12 inaupitisha bila kulalamika. Tofauti iko kwenye biti ya juu. Tarakimu 0 kwa lugha ya mashine ni 0110000, yenye 1 mbili. Idadi hiyo tayari ni shufwa, kwa hiyo pariti inabaki sifuri na herufi inafika salama. Tarakimu 1 ni 0110001, yenye 1 tatu. Mizani inaongeza 1 nyingine juu, ya nne, ili idadi iwe shufwa, na kompyuta, isiyojua kuwa hiyo ni pariti, inaisoma kama sehemu ya herufi na kuonyesha alama ya ±. Ukihesabu zilizobaki utakuta kwamba 3, 5, 6 na 9 ziko kundi la sifuri, na 2, 4, 7 na 8 ziko kundi la moja.

Kama menyu ya mizani inaruhusu, ipange kwa biti 8 bila pariti. Kama hairuhusu au imefungwa kwa lakiri ya wakala wa vipimo, usiiguse. Badala yake, kwenye programu ya ofisini kata biti ya juu ya kila baiti inayoingia kwa kuiunganisha na 127 kwa amri ya AND. Ni mstari mmoja tu, na paa lenu libaki kama lilivyo.