Unahamia nchi nyingine? Anza kukitamani chakula chao kabla hujafunga begi

Mtu akiniambia anahamia nchi nyingine, cha kwanza namuuliza ameshajua atakula nini huko. Wengi wananishangaa, maana akili yao yote iko kwenye paspoti, kodi ya nyumba na laini ya simu, chakula wanasema kitajulikana hukohuko. Mi naona chakula ndo kitu unachoweza kuanza kukifurahia hata kabla hujapanda basi, na ukifika ukiwa na hamu nacho, zile wiki za mwanzo ambazo hujui mtu zinakuwa na kitu cha kukutoa ndani.

Mimi nimetoka Tanga nikaja Kampala, na kabla ya safari kila niliyemkuta amewahi kuishi Uganda nilikuwa namchimba misosi tu. Usiulize "chakula cha huko kikoje" maana utajibiwa "kizuri" basi imeisha. Muulize yeye mwenyewe alikuwa anapenda kula nini, saa ngapi, na alikuwa anakipata wapi. Hapo ndo mtu anaanza kukumbuka na mate yanamtoka, na wewe unaondoka na orodha.

Sasa wewe unayekuja huku, weka matoke juu kabisa. Usiyafikirie kama zile ndizi zetu za nazi na nyama. Huku ndizi mbichi zinamenywa, zinafungwa kwenye majani ya mgomba, chini ya sufuria wanapanga vikonyo vya yale majani ili furushi lisilowe kwenye maji, linaiva kwa mvuke taratibu. Zikishalainika mama anazibonyeza kwa mikono zikiwa bado ndani ya majani, za moto hivyohivyo, halafu anazirudisha kwenye moto mdogo zikae. Likifunguliwa lile jani mvuke unakupiga usoni, matoke ya njano, laini, na harufu ya jani imeingia mpaka ndani jamani! Juu yake dai binyebwa, mchuzi wa karanga mbichi zilizotwangwa ukachemka muda mrefu mpaka ubichi ukaisha, na ukipata uliotiwa samaki wa moshi umefika. Ila kula yakiwa ya moto, yakipoa yanakakamaa, na nadhani wengi wanaosema matoke hayana ladha walikula yaliyopoa.

Hotelini nenda saa saba mchana, vitu vimetoka jikoni muda huo. Unachooda ni mchuzi, yaani nyama, kuku, samaki, maharage au karanga, na bei inafuata mchuzi, halafu sahani inakuja imejaa kila kitu, matoke, posho (ugali wetu huo), wali, viazi vitamu, mihogo, boga. Kama unataka viwili tu sema mapema, "nyabo (yaani mama), niwekee matoke na kalo", na hiyo kalo ni ugali wa ulezi, usiipite. Siku ukiwa na hela kidogo ya ziada uliza luwombo, kuku au nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa kwanza kwenye moto ili lisipasuke, ikaivia humohumo na mchuzi wake. Kwangu mimi hakuna chakula cha Uganda kinachoifikia.

Rolex utaiona bila kutafuta, chapati imeviringishwa na mayai, kabichi, nyanya na kitunguu, na Wandegeya pale jirani na Makerere wanafunzi wanakula mpaka usiku. Hela ikiisha kuna kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage, unashiba fulu. Na ukija kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula usilale ukishapita Masaka, pale Lukaya wauzaji wanakuletea nyama choma na gonja (ndizi za kuchoma) mpaka dirishani.

Halafu usiimalize Uganda kwa Kampala. Gulu kuna malakwang, mboga chachu inayopikwa na siagi ya karanga na ufuta. Mbale kuna malewa, machipukizi ya mianzi ya mlima Elgon. Mbarara kuna eshabwe, mchuzi wa samli. Kila kona ina chake.

Kuhusu begi, unga na mchele acha, vimejaa huku. Beba viungo vya pilau na tui la unga, kwa sababu upishi wa nazi sio wa huku kabisa na ndo utakaokufungulia milango. Mi nilimpelekea jirani bakuli la samaki wa nazi, kesho yake mtoto wake akanigongea na matoke bado yako kwenye jani, na tangu hapo yule mama ndo ananifundisha kufunga ndizi. Ongea nao hivyohivyo hata kama Kiganda hujakijua, sema "nyabo" kwa mwanamke na "ssebo" kwa mwanaume kwa heshima, Kiswahili chako kitafika kinapofika.

Ukiweza panga ufike mwezi wa 11, mvua zinanyesha na senene, wale panzi wa kuliwa, wanatoka. Wa Bukoba mnajua naongelea nini. Nunua waliokwisha nyonyolewa mabawa na miguu, kaanga na kitunguu bila kutia mafuta mengi, wenyewe wana mafuta yao. Ila kama kamba wa baharini wanakudhuru mwili, senene waache kwanza, wanaweza kukufanya vilevile.