Kula kwa Kalenda ya Dripu

Ukishaanza kemo, yaani dripu za dawa za saratani, kila anayekuja kukujulia hali anakuja na masharti yake. Shangazi anakataza sukari maana "inalisha kansa". Jirani kaleta majani ya mstafeli yaliyochemshwa. Mwingine kasoma kwenye simu kwamba nyama ikome kabisa. Mimi nilitibiwa saratani ya titi Dar es Salaam, dripu kila baada ya wiki tatu, kisha mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Ninachomwambia anayeanza ni kwamba masharti hayo yote hayajui leo ni siku ya ngapi tangu uchomwe dawa, na hiyo ndiyo hesabu inayoamua nini kitapita kooni.

Siku ya dripu na mbili tatu zinazofuata ni za kichefuchefu. Kidonge cha kuzuia kutapika meza nusu saa hivi kabla ya kula, usingoje tumbo lichafuke. Kula kidogo kidogo, vitu visivyo na harufu: viazi vya kuchemsha, mkate mkavu, uji mwepesi uliopoa. Chakula cha moto hunukia zaidi, kwa hiyo anayekaanga vitunguu akaange nje, au wewe ukakae barazani. Vidonge hivyo hivyo huleta choo kigumu. Maji mengi na papai husaidia.

Kuna jambo wengi hatuambiwi: siku hizo usiguse chakula unachokipenda. Ukila pilau ukaitapika, mwili unaibebesha pilau lawama ya dawa, na unaweza kukaa miezi hutaki hata kuisikia harufu yake. Wiki ya dripu ni ya vyakula ambavyo hata ukivichukia hutavililia.

Baada ya hapo, mara nyingi kuelekea wiki ya pili, mdomo unachubuka na chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zinashuka. Hapa mtori uliniokoa: ndizi zimechemshwa hadi kupondeka, nyama laini, maziwa kidogo, halafu unaacha upoe. Pilipili, ndimu na ugali mgumu weka kando. Sukutua kwa maji yenye chumvi kidogo kila baada ya kula. Kama kila kitu kina ladha ya chuma, jaribu kijiko cha mbao. Kinga ikiwa chini, achana na kachumbari ya mgahawani, matunda yaliyokatwa barabarani, mayai yasiyoiva vizuri, maziwa yasiyochemshwa na kiporo kilicholala nje. Na joto la mwili likifika 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usimeze panadoli ukalala.

Wiki ya tatu hamu inarudi, na hapo ndipo pa kulipia madeni. Mayai, dagaa, maharage, kuku, samaki, maana mwili unahitaji protini kujijenga kabla ya dawa nyingine. Uji wangu ulikuwa wa maziwa na karanga za kusaga, mzito. Pima uzito kila wiki, mizani ile ile. Ukishuka mfululizo mwambie daktari, omba umwone mtaalamu wa lishe.

Kuhusu sukari, ni kweli seli za saratani huitumia, lakini hata ubongo wako unaitumia. Kama unakonda na kinachopita ni chai yenye sukari, kunywa chai yako (mwenye kisukari ana utaratibu wake na daktari wake). Mstafeli nilikataa, na jirani alinuna kidogo. Dawa nyingi za kemo huchakatwa na ini, na mitishamba ambayo daktari haijui inaweza kuliongezea ini kazi au kuharibu hesabu ya dawa. Ukitaka kutumia chochote, hata mlonge wa unga, mtajie kwanza.

Matibabu yakiisha, mambo yanageuka. Wengi wetu wa titi tunanenepa, hasa tunaoendelea na vidonge vya kuzuia homoni. Ule uji mzito sasa upungue, mboga na matunda yajae sahani, kachumbari irudi. Pombe niliacha. Soseji pia, tangu 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeziweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Dagaa nimebaki nao, wale wa kuliwa na mifupa yake, kwa sababu baadhi ya vidonge hivyo vya homoni hudhoofisha mifupa.