Ukiandikiwa dozi ya H. pylori, imeze yote

Tangu nitibiwe H. pylori, bakteria anayeishi tumboni, wenzangu wenye kiungulia kisichoisha huniuliza sana swali hili: vidonge vyote hivyo vya nini, wakati mwili una kinga yake?

Kinga ipo, na inapigana kwelikweli. Seli nyeupe za damu hujazana kwenye ukuta wa tumbo na kummwagia bakteria sumu zitokanazo na oksijeni, yaani supaoksaidi na haidrojeni peroksaidi. Hii ya pili unaijua: ni ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda inayouzwa maduka ya dawa. Ila H. pylori ana vimeng'enya vya kuzizima. Dismutasi huidaka supaoksaidi na kuigeuza haidrojeni peroksaidi, kisha katalasi huivunja hiyo, yakabaki maji na oksijeni. Maabara huliona jambo hili kwa macho: wakidondoshea haidrojeni peroksaidi bakteria waliooteshwa, povu linatoka papo hapo, nalo ni ile oksijeni.

Watafiti waliwahi kutengeneza H. pylori wasio na dismutasi na kuwaingiza kwenye matumbo ya panya. Wakashindwa kuweka makazi. Waliokosa katalasi waliingia, lakini hawakudumu. Ongeza na yureasi, kimeng'enya kinachozalisha amonia ya kupoza asidi inayomzunguka, na utaelewa kwa nini asiyetibiwa kwa kawaida hukaa naye maisha yote, mara nyingi tangu utotoni. Kibaya zaidi, sumu zinazomkosa yeye zinaishia kuunguza ukuta wa tumbo lako mwenyewe.

Kwa hiyo usisubiri aondoke. Na hizo poda za "antioksidanti" za mitandaoni hazimuui. Pesa yako ipeleke kwenye kipimo.

Kipimo chenyewe, omba cha choo kikubwa au cha kupuliza pumzi. Kile cha damu kinatafuta kingamwili, na hizo hubaki muda mrefu hata baada ya kupona, kwa hiyo kinaweza kukufanya utibiwe ugonjwa ulioisha. Kama unatumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, muulize daktari kuhusu kuisimamisha wiki 2 kabla ya kupima. Antibiotiki ni wiki 4. Vinginevyo bakteria wanapungua na majibu yanatoka hasi ya uongo.

Dozi kwa kawaida ni antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Itakuchosha, sikufichi. Mdomo wangu ulikuwa na uchungu kama nimelamba sarafu, hata chai ya asubuhi haikunoga. Nilichofanya ni kumeza baada ya kula na kuweka kengele kwenye simu. Kama penisilini inakudhuru, mwambie daktari kabla hajaandika, maana amoxicillin iko kwenye dozi nyingi. Ukiona ndani ya dozi kuna metronidazole, pombe iache kabisa.

Maumivu huweza kutulia mapema, na hapo ndipo watu wanapoacha dawa. Bakteria waliobaki ndio wagumu, na usugu wa dawa kwa bakteria huyu ni tatizo la kweli.

Ukimaliza, subiri angalau wiki 4, kisha rudia kipimo. Kikiwa chanya, usirudie dozi ileile kwa kujinunulia dukani. Daktari atakuandikia mchanganyiko mwingine. Ila ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje tarehe ya kipimo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.